Nani anatengeneza nini mjini kwetu? Maswali kuhusu bajeti ya halmashauri, maji, taka na barabara

Maswali haya huulizwa kwenye mikutano ya mitaa, sokoni, na kwenye ofisi za maji watu wanapobishania bili. Majibu yanawahusu wakazi wa miji midogo ya Tanzania Bara: Korogwe, Makambako, Masasi, Nzega, Tarime na mingine ya kimo hicho. Zanzibar ina sheria zake na haimo humu. Nimeyaandika kwa sababu naona wananchi wenye hoja nzito wakigonga mlango usio wao, au wakifika kwenye mlango wenyewe miezi sita baada ya fedha kugawanywa.

Halmashauri ni nani hasa? Mkurugenzi, diwani au mkuu wa wilaya?

Wenye halmashauri ni madiwani wakiwa wamekaa kikao. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti na sheria ndogo. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu na katibu wa baraza. Anateuliwa na Rais, na wakuu wa idara wako chini yake. Mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu, si bosi wa madiwani, ingawa kwa namna mambo yanavyokwenda sauti yake husikika kuliko ya diwani wa kata.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Tuliwahi kuishi bila chombo hiki. Zilifutwa mwaka 1972, zikarudi kwa sheria za mwaka 1982, ambazo kwa marekebisho mengi ndizo zinazotumika hadi leo. Waliokuwa watu wazima miaka ya sabini wanakumbuka hali ya huduma za miji ilivyozorota katika kipindi hicho. Kwa hiyo mtu akikuambia kikao cha madiwani ni kupiga soga tu, usikubali upesi.

Mbona hapa kwetu kuna halmashauri mbili zenye jina moja?

Ni kweli. Korogwe, Masasi, Njombe, Babati, Mbulu na Kasulu kila mahali pana Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Kinachoamua ni kata yako. Ukiwa kata ya pembezoni, muulize mtendaji wa kata kabla ya kuandika barua, maana barua ikitua upande usio wake hulala huko.

Barabara ya mtaani kwetu imekatwa na mvua. Niende kwa nani?

Kwa watu wengi jibu la kwanza ni halmashauri, na hapo ndipo wanapopotea. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo ina meneja katika kila wilaya. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mkurugenzi wa halmashauri hana greda wala fungu la Mfuko wa Barabara kama zamani.

Basi fanya hivi. Kama ni barabara ya lami inayounganisha miji, au ile ya changarawe inayotoka makao makuu ya wilaya moja kwenda nyingine, anza na TANROADS. Kama ni njia ya kwenda shuleni, sokoni, zahanati au ya kuzunguka mtaa, ni TARURA. Andika barua fupi: jina la barabara, mahali palipoharibika (taja kalavati, daraja au nyumba ya karibu), tarehe, na nani anazuiliwa kupita. Ambatisha picha. Peleka nakala kwa diwani na kwa mtendaji wa kata, kisha omba wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye utaambiwa barua haikufika.

Kwa nini diwani apewe nakala ilhali barabara si ya halmashauri? Kwa sababu meneja wa TARURA huleta mpango wake mbele ya madiwani, na vipaumbele hujadiliwa hapo. Diwani mwenye barua 20 za wananchi mkononi hubishana tofauti na diwani mwenye malalamiko ya kusikia.

Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 1998. Kwa miaka mingi asilimia 70 ilikwenda barabara kuu na za mkoa, na asilimia 30 ndiyo iliyobaki kwa barabara zetu hizi, ambazo ni ndefu zaidi zikijumlishwa. Katika bajeti ya 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA. Ukijaza pikipiki lita tatu umechangia barabara ya mtaani, kwa hiyo usiombe kama unayeomba msaada.

Na mitaro iliyoziba?

Mtaro wa kando ya barabara unafuata mwenye barabara. Taka zilizouziba ni za halmashauri, na aliyezitupa humo ni jirani yetu. Hizi pande tatu zikisubiriana, maji huingia ndani ya nyumba. Mitaa iliyofanikiwa ni ile ambayo mwenyekiti wake huwaita wote siku moja kabla ya masika, wananchi wakazibua, halmashauri ikaleta gari la taka, TARURA ikatengeneza palipobomoka. Taka zikirundikwa ukingoni bila gari, mvua ya kwanza huzirudisha mtaroni.

Nyumba yangu imechorwa X. Nitalipwa?

Angalia rangi. X nyekundu kwa kawaida maana yake umejenga ndani ya hifadhi ya barabara na hakuna fidia. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, na unastahili kulipwa. Chimbuko la mkanganyiko ni Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Aliyekuwepo kihalali katika kile kipande kilichoongezwa ana haki tofauti na aliyejenga juzi. Tunza hati, ofa, risiti za kodi ya pango la ardhi na chochote chenye tarehe.

Maji yakikatika wiki nzima, halmashauri haihusiki kabisa?

Inahusika kwa kusema, haihusiki kwa kuendesha. Mjini maji ni ya mamlaka ya maji. Vijijini, na katika kata nyingi za pembezoni, ni ya RUWASA, wakala aliyeanza kazi Julai 2019 kwa Sheria Na. 5 ya mwaka huo. Chini ya RUWASA kuna vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, ambavyo wengi bado tunaviita jumuiya za watumia maji. Ndivyo vinavyokusanya fedha za ndoo na kumlipa mhudumu wa mashine.

Jumuiya hizi zinahitaji macho ya wananchi kuliko ofisi nyingine yoyote niliyoitaja. Pampu ikiungua, fedha ya kuitengeneza inapaswa kuwa benki, kutokana na makusanyo. Isipokuwepo, mji unarudi mtoni. Dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni, hata kama kamati ni ya ndugu na majirani. Hasa kama ni ya ndugu na majirani.

Bili ya maji imeruka mara tatu. Nifanyeje?

Soma dira mwenyewe na uipige picha, tarakimu zionekane. Uniti moja ni lita 1,000. Linganisha na usomaji ulioandikwa kwenye bili. Kisha funga koki zote za ndani na utazame dira: ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja baada ya dira, na hilo ni jukumu lako. Isipozunguka na tarakimu hazilingani, andikia mamlaka ya maji. Wakikaa kimya, peleka malalamiko EWURA, ambao ndio wadhibiti wa huduma za nishati na maji. Lipo pia baraza la kutetea watumiaji, EWURA CCC.

Kuhusu bei yenyewe, mamlaka haipandishi ikiamka tu asubuhi. Huomba EWURA, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi kusikiliza maoni ya wateja kabla ya kuamua. Inauma kuona ukumbi wa taftishi ukiwa na viti vitupu, kisha mwezi mmoja baada ya bei kutangazwa watu wamejaa dirishani wakilalamika. Tangazo la taftishi mkiliona, mtaa utume watu.

Kwa nini LUKU yangu inakatwa kodi ya jengo, na nani anaikusanya?

Kodi ya majengo ilikuwa chanzo kikubwa cha halmashauri za miji. Ukusanyaji ulihamishiwa TRA, na tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia, na ni haki wakakubaliana kuipunguza kwenye pango. Nyumba moja yenye mita kadhaa haipaswi kukatwa kwa kila mita; mwenye nyumba aende TRA na namba za mita zote ili ibaki moja.

Maoni yangu ni kwamba halmashauri ilipoacha kukusanya kodi hii kwa mkono wake, ilipoteza pia mazungumzo na mlipaji. Zamani ulikuwa unalipa na palepale unauliza taa za barabarani ziko wapi. Leo unalipa kimya kimya kwa simu, na huna wa kumuuliza.

Halmashauri inapata wapi fedha zake, basi?

Sehemu kubwa hutoka Hazina: mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine, fedha za matumizi mengineyo, na ruzuku ya miradi ya maendeleo. Zipo fedha za wahisani na mikopo, kama mradi wa TACTIC unaojenga barabara, masoko na stendi katika miji 45. Na yapo mapato ya ndani.

Mapato ya ndani ni ushuru wa soko na stendi, leseni, vibali vya ujenzi, ada ya taka, machinjio, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, na ushuru wa mazao. Huo wa mazao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya kweli, na halmashauri zinazotegemea mazao zikabaki na pengo la kweli. Kodi ya maendeleo ya kila kichwa, ile iliyowafanya wazee wetu kukimbilia vichakani, ilifutwa mwaka 2003.

Mapato ya ndani ni kidogo ukilinganisha na ruzuku, lakini ndiyo yenye uhuru. Fedha ya Hazina huja ikiwa na jina la mradi. Ya ndani ndiyo madiwani wanayoweza kuamua kuwa ni ya vyoo vya soko au ya kuezeka darasa. Ukitaka kujua baraza lako linajali nini, tazama fungu hilo.

Bajeti inapangwa lini, na mimi naingia wapi?

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Tarehe hizo ndizo zinazotudanganya. Bunge linajadili kuanzia Aprili, redio zinatangaza Juni, na mwananchi anadhani ndio wakati wa kusema. La. Kufikia Juni kitabu kimefungwa.

Hesabu kurudi nyuma. Hazina hutoa mwongozo wa mpango na bajeti mwishoni mwa mwaka, kwa kawaida karibu na Novemba. Vijiji na mitaa huibua mahitaji yao kwa njia iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Yanapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Hapo hupangwa: lipi la kwanza, lipi lisubiri. Kisha wataalamu wa halmashauri huyaunganisha, kamati za madiwani huyachuja, na baraza huyapitisha, mara nyingi kati ya Januari na Februari. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI (ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia halmashauri) na Hazina, ambako bajeti huweza kupunguzwa lakini ni nadra kuongezewa kalavati lako.

Kwa hiyo miezi yako ni Oktoba, Novemba na Desemba, na mahali pako ni mkutano wa mtaa au kijiji. Nenda na ombi moja, si kumi. Ombi lenye kipimo hushinda: "kalavati moja kwenye kijito cha nyuma ya shule, watoto hukosa masomo mvua ikinyesha" litaandikwa kwenye muhtasari, "tunaomba serikali ituangalie" halitaandikwa. Kabla mkutano haujafungwa, omba katibu asome alichoandika. Jambo lisilo kwenye muhtasari wa mtaa halifiki kata, na lisilofika kata mkurugenzi hatalijua. Ukiwa na jirani mwenye ulemavu au mama mjane asiyezoea kusimama mbele ya watu, mwulize mapema anataka nini, ulisemee ombi lake kwa jina la mtaa.

Kingine, kupitishwa si kupewa. Bajeti ni makadirio. Fedha isipokuja, mradi unasubiri. Ikija Mei, wakandarasi hukimbizana nayo, kwa kuwa fedha za ruzuku zisizotumika hadi 30 Juni huweza kurudishwa Mfuko Mkuu. Ukiona zahanati inapigwa plasta usiku mwezi wa sita, mara nyingi sababu ni hiyo, na ubora ndio unaoumia.

Tumejenga boma la darasa kwa nguvu zetu. Mbona halijaezekwa miaka na miaka?

Swali hili linaniumiza kuliko yote, maana watu walibeba mawe na maji kichwani. Chanzo kikubwa ni kwamba boma lilianzishwa bila kuingizwa kwenye mpango wa kata na wa halmashauri. Kiongozi alihamasisha, wananchi wakaitika, fungu la bati na mbao halikuandikwa popote. Ndiyo maana nchi ina maboma mengi yaliyoota majani.

Kabla ya tofali la kwanza, dai kuona barua au muhtasari unaoonyesha kwamba halmashauri imekubali kumalizia, na kwa bajeti ya mwaka gani. Mhandisi apime na atoe ramani, la sivyo atakuja baadaye kusema linta haifai na kuta zitabomolewa. Michango ipitishwe na mkutano, iandikwe daftarini, na kila anayetoa apewe risiti. Boma lililokwisha kusimama liingizwe kwenye vipaumbele vya kata kila mwaka hadi likubaliwe. Lisiachwe kwa kuwa mwaka jana lilikataliwa.

Fedha zikija, miradi mingi ya shule na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi: fundi analipwa ufundi, vifaa vinanunuliwa na kamati. Kuna kamati ya ujenzi, ya ununuzi na ya mapokezi, na wananchi wamo. Ukiteuliwa kamati ya mapokezi, hesabu mifuko ya saruji kwa macho yako kabla ya kusaini. Saini yako ndiyo inayohalalisha malipo, na mkaguzi akija ataisoma.

Mikopo ya asilimia 10 inapatikanaje?

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hesabu hufanywa baada ya kutoa mapato lindwa, kama fedha za matibabu. Kama mapato yanayobaki ni bilioni 2, basi milioni 200 ni za mikopo. Utaratibu ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, ukarudishwa mwaka 2024. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na usimlipe mtu "kuwahisha" fomu.

Mkusanya ushuru amekataa kunipa risiti.

Usilipe. Risiti ya kieletroniki kutoka mashine ya POS ndiyo ushahidi pekee kwamba fedha yako imeingia halmashauri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, zimerudia mara nyingi kuonyesha makusanyo ya POS yasiyofikishwa benki, kwa hiyo hata risiti nayo haimalizi kazi, lakini bila risiti hakuna hata cha kufuatilia. Malipo makubwa, kama leseni na vibali, lipa kwa kontrol namba kupitia benki au simu.

Barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa ni ya kulipia?

Omba uonyeshwe sheria ndogo inayotaja ada hiyo, na risiti ya halmashauri. Vikikosekana vyote viwili, hiyo si ada. Najua wenyeviti wengi wanafanya kazi kubwa kwa posho ndogo au bila posho, na jambo hilo linastahili kurekebishwa kwenye bajeti, si kwenye mfuko wa mama anayetafuta barua ya kumpeleka mtoto shule.

Halmashauri yetu imepata hati safi. Ina maana hakuna wizi?

Hapana. Inayoitwa hati safi, kwa lugha ya wakaguzi hati inayoridhisha, inasema vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa kufuata viwango. Choo kilichojengwa kwa bei ya juu kinaweza kuandikwa vizuri kabisa. Usiishie kwenye aina ya hati. Soma hoja zilizoorodheshwa kwa halmashauri yako, na uone zipi ni za miaka iliyopita na bado hazijajibiwa. CAG humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, huwekwa mezani bungeni Aprili, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi kujieleza.

Naweza kuona bajeti na kuhudhuria kikao cha madiwani?

Ndiyo. Vikao vya kawaida vya baraza huwa vya wazi na hufanyika kila robo mwaka. Unakaa sehemu ya wasikilizaji, hupewi nafasi ya kusema. Kwa nyaraka, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika ombi kwa mkurugenzi, taja waraka unaoutaka kwa jina na mwaka, mfano "taarifa ya mapato na matumizi ya robo ya pili 2024/25". Anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kuomba "taarifa zote za mradi" ni kumpa nafasi ya kukuzungusha.

Mkutano wa mtaa wetu haujaitishwa muda mrefu. Tumwambie nani?

Kwa vijiji, mkutano mkuu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mitaa nayo ina ratiba yake, na mtendaji wa mtaa anaijua. Wananchi wachache waandike barua ya pamoja kwa mtendaji wa kata, wakimwomba mwenyekiti aitishe mkutano na wakitaja ajenda: taarifa ya mapato na matumizi, vipaumbele vya bajeti ijayo. Nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi. Kwa kawaida mkutano huitishwa kabla barua haijajibiwa. Ukiitishwa, hakikisheni mnaujaza uwanja, na aliyesaini barua wa kwanza awe wa kwanza kunyoosha mkono.